Kambi imefungwa, mtoto amebaki

Julai 2025 nilikwenda nyumbani kumzika babu yangu, mzazi wa mama. Nasema nyumbani, lakini msomaji akiniuliza ni wilaya gani itanibidi nimjibu mara mbili: nilipozaliwa mwaka 1988 palikuwa Karagwe, na tangu mwaka 2012 pamekuwa Kyerwa, bila ya nyumba yetu kusogea hata hatua moja. Hayo ni mambo ya ramani. Watu ni wale wale, migomba ni ile ile, na kahawa huanikwa uani vile vile.

Siku moja ya matanga wazee walikuwa wameketi nje wakisubiri kikao cha ukoo, na mmoja wao alikuwa na redio. Katika taarifa ya habari tukasikia kwamba Ufaransa imeikabidhi Senegal kambi yake ya mwisho mjini Dakar, na kwamba askari wake waliokuwa wakikaa huko kwa kudumu tangu uhuru wa mwaka 1960 sasa wanaondoka. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema kwamba hilo ni jambo la heshima kwa Mwafrika. Nami, kwa kuwa ndimi mwandishi wa habari katika familia, nikaongeza kwamba Chad ilikwisha kukabidhiwa kambi ya mwisho mwezi Januari mwaka ule ule, na kwamba Wamarekani waliondoka Agadez, nchini Niger, mwaka 2024.

Mama alikuwa akipita na sinia la vikombe vya chai. Akasimama, akauliza: "Na watoto je? Wamemwachia nani?"

Hakuna aliyemjibu. Kila mtu aliyekuwapo alijua kwamba haulizi habari za Dakar. Macho yake yalikuwa kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa akipasua kuni karibu na jiko la matanga. Na kikao ambacho wazee walikuwa wakikisubiri kilikuwa cha kugawa kibanja cha marehemu.

Neno moja, mambo mawili

Kiswahili kimetupa neno moja tu, kambi, kwa askari na kwa wakimbizi. Tofauti yake naijua. Kambi ya jeshi la kigeni huwekwa kwa mkataba baina ya serikali mbili. Kambi ya wakimbizi huwekwa kwa huruma na kwa lazima. Lakini kwa mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, zote mbili zina sura moja: hapo pana watu wengi wasiolima, wana vitu vya kubadilishana, na hawatakaa milele.

Kwetu sisi kambi zilikuja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari ya Watutsi yalianza Rwanda mwezi Aprili mwaka ule. Serikali iliyoyaendesha ilipokuwa ikishindwa vita, umati wa watu ulivuka mpaka kuingia kwetu. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao laki mbili walipita daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Huko Ngara ndiko kulikokuwa na Benaco, kambi iliyojulikana dunia nzima. Za Karagwe hazikuvuma sana, lakini zilikuwapo: Rubwera, Kagenyi, Chabalisa, Omukariro. Humo nako walikaa watu zaidi ya laki moja.

Walikuwamo wajane, wazee na watoto wasiojua lolote. Walikuwamo pia askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wenye damu mikononi, na hao waliendelea kuwatawala wenzao humo kambini. Sisi watoto hatukuweza kuwatambua. Watu wazima walisema kwa sauti ya chini kwamba hata wao hawawezi.

Siku za neema

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe kweli, kisha tukakaa kivulini. Watu wa kambini walikubali kulima kutwa nzima kwa chakula kidogo au kwa fedha ambazo mtu wa kijijini asingezitazama mara mbili. Mkulima wa ekari moja akalima mbili. Babu, ambaye miaka yote alilima maharage ya kula tu, akafyeka mpaka bondeni, akawa mtu wa kuuza.

Mama naye alikuwa akiuza ndizi na rubisi. Anasema bei ya mkungu ilipanda zaidi ya mara mbili, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alilala na fedha chini ya godoro. Upande wa pili vilitujia vitu vya msaada: mahindi, maharage, mafuta ya kupikia. Makopo ya mafuta yalikuwa koroboi, vipimo vya sokoni, na yakikunjuliwa na kupigiliwa misumari yalikuwa milango. Turubai za wakimbizi ziliezeka mabanda yetu ya kuku. Baiskeli ziliongezeka kijijini mpaka tukaacha kuzihesabu.

Mashirika ya misaada yalihitaji madereva, walinzi, wauguzi na watunza ghala, nayo yalilipa vizuri kuliko serikali. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alituaga siku ya Jumatatu, akaenda kutunza ghala. Simlaumu, alikuwa na watoto wanne. Lakini muhula ule mzima tulifundishwa kuimba.

Gharama zilikuwapo, nasi tuliziona. Vilima vilinyolewa miti, na akina mama waliokuwa wakiokota kuni nyuma ya nyumba wakawa wanatoka alfajiri na kurudi mchana. Ndizi ziliibwa usiku, na mbuzi vilevile. Wanyama wa mapori ya Ibanda na Burigi waliwindwa bila huruma. Ukimwuliza mtu, alilalamika asubuhi nzima juu ya wakimbizi, kisha mchana akajitwisha mkungu kwenda kuwauzia.

Mwaka 1995 mama alianza kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Matofali yalichomwa kwa kuni zile zile zilizokuwa zikitupungukia. Na katika mwaka uliofuata, mama mdogo alimleta nyumbani kijana mmoja wa kambini, fundi wa baiskeli, mpole, mwenye kuongea Kinyarwanda ambacho sisi wasema Kinyambo tulikisikia nusu na kukisia nusu. Babu alimhoji jioni nzima. Mwishowe akapokea mbuzi wawili, sehemu ya mahari. Iliyobaki ingekuja baadaye.

Desemba 1996

Haikuja. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali yetu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitangaza kwa pamoja kwamba Wanyarwanda wote wanatarajiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi ule. Wengi hawakutaka. Baadhi ya kambi ziliamka na kutembea upande wa pili, kuelekea mbali na Rwanda, mpaka askari wakazirudisha barabarani. Katika wiki chache, karibu nusu milioni ya watu waliondoka mkoani.

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nakumbuka mlio wa sufuria zikigongana migongoni mwa watu, na nakumbuka kwamba watoto hawakulia. Usiku mmoja fundi wa baiskeli alifika kwa babu. Alitaka kufichwa katika kibanja mpaka mambo yatulie. Mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Babu alikataa. Alikuwa mtu wa kufuata sheria, na aliogopa pia, kwani nani angejua fundi huyu alikuwa nani kabla ya baiskeli? Akampa ndizi za kuchoma na sanda mpya ya kujifunika baridi, akamsindikiza hadi njia panda.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na ukimya ambao sijausikia tena. Sisi watoto tulikwenda kambini kuokota vitu. Nilirudi na kiatu kimoja cha mtoto, kizuri, chekundu. Mama alikitazama, akakichukua, akaenda kukizika nyuma ya nyumba bila kusema neno.

Kisha yakaja ya baadaye. Ndizi zilirudi bei ya zamani, halafu zikashuka chini yake, kwa sababu kila mtu alikuwa amepanda kwa ajili ya soko ambalo sasa halipo. Pampu ya maji iliyowekwa kwa ajili ya kambi ilifanya kazi mpaka mafuta yake yalipokwisha. Mwaka 1997 ukaisha kwa mvua za El Nino, na vilima visivyo na miti vikateremka navyo bondeni, juu ya maharage ya babu. Wanaume waliokuwa madereva wa magari meupe walikaa mabarazani wakisubiri gari jingine. Mwalimu wangu alikwenda kuomba kazi yake ya zamani.

Nyumba ya mama iliishia usawa wa madirisha. Alikuwa amekopa kwa ajili ya bati, akitarajia mauzo ya mwaka mwingine. Ili alipe, aliuza kahawa ingali maua mtini, mtindo ambao kwetu huitwa butura: mnunuzi anakupa fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno anakuja kuchukua magunia yenye thamani mara nyingi zaidi. Misimu mitatu kahawa yetu iliiva kwa ajili ya mtu mwingine. Nyumba iliezekwa mwaka 2004, kwa kahawa, baada ya deni kwisha.

Na Aprili 1997 mama mdogo alijifungua mtoto wa kiume.

Waliokabidhiwa majengo

Katika kazi yangu nimesoma habari za kambi nyingine zilizofungwa, na nimeona kwamba majengo hayapotei mwenyewe. Waingereza walipoondoka Kenya, kambi yao ya Kahawa, nje ya Nairobi, ilikabidhiwa serikali mwaka 1965, ikawa Chuo cha Kenyatta, na leo ni chuo kikuu. Hapa kwetu, wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walijenga Mazimbu, Morogoro, shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Julai 1992 waliikabidhi kwa Tanzania, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Huko Ufilipino, Baraza la Seneti lilikataa mkataba mpya wa kambi za Marekani mwaka 1991, na Novemba 1992 Wamarekani wakaiacha Subic Bay. Ajira nyingi zilipotea, lakini bandari na viwanja vikageuzwa eneo la viwanda na biashara.

Penye jengo hupatikana mtu wa kutia saini. Hati inasomwa, bendera inashushwa, ufunguo unatolewa. Lakini mjini Olongapo, jirani na Subic, walibaki maelfu ya watoto wa askari wa Kimarekani, na hakuna hati iliyowataja. Morogoro nako wapo waliobaki na mama zao wakati baba zao waliporudi kujenga nchi yao iliyokombolewa. Sisemi kwamba kila baba alikimbia. Wengine walisukumwa barabarani kama yule fundi. Ila kwa mtoto matokeo ni yale yale: katika fomu ya kwanza ya maisha yake pana mstari mmoja usiojazwa.

Mdogo wangu aliujua mstari huo mapema. Septemba 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa yetu ya mpakani, alikuwa na miaka 16. Mama mdogo alimkataza kwenda shule wiki kadhaa. Alikaa ndani ya kibanja cha babu, mahali pale pale ambapo baba yake alikatazwa kukaa. Babu ndiye aliyempelekea chakula. Miaka baadaye, alipoomba kitambulisho cha taifa, karani mmoja alimwambia alete kwanza cheti cha kuzaliwa cha baba. Alirudi mara nne. Ukweli ni kwamba Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimnyimi uraia mtu aliyezaliwa nchini na mama Mtanzania. Mdogo wangu hakuijua sheria hiyo, na mimi niliyeijua nilikuwa Dar es Salaam nikiandika habari za watu wengine. Ilipofika zamu ya tano nilikwenda naye.

Kikao cha ukoo

Sasa turudi uani kwa babu. Marehemu hakuacha wosia wa maandishi. Alikuwa amemwambia mama, zaidi ya mara moja, kwamba mtoto wa fundi ana mahali pake, lakini maneno ya marehemu kwa binti yake hayana uzito mbele ya wajomba wanne.

Mjomba mkubwa alizungumza kwa upole, na alizungumza mila. Kibanja ni cha ukoo, alisema, nacho hufuata damu ya baba. Mtoto huyu tunampenda, tumemlea, lakini kwao si hapa. Tukimkatia ardhi, tutakuwa tumempa mtu wa ukoo ambao hatuujui, na wajukuu zetu watatuuliza.

Mdogo wangu aliinuka kutaka kutoka. Mama akamshika mkono, akamketisha. Kisha akapiga magoti, kama inavyompasa dada mbele ya kaka yake mkubwa, akasema maneno ambayo nimejaribu kuyakumbuka jinsi alivyoyasema.

"Kaka, waitu, mimi sina mengi. Kambi ile tulikula wote. Mimi nilijenga kuta. Wewe ulinunua baiskeli mbili, ukaoa. Huyu hapa alipata kazi ya ulinzi. Baba alilima mpaka bondeni kwa mikono ya wale watu, na wale mbuzi wawili wa fundi tuliwala humu ndani; wewe ulikata nyama. Kambi ilipofungwa hasara ilitupata, tukailipa, ikaisha. Mtoto huyu peke yake ndiye analipa mpaka leo, na yeye ndiye ambaye hakula kitu."

Pakawa kimya. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba yangu ya sheria: kwamba mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua, katika shauri lililotoka katika mkoa wetu wenyewe wa Kagera, kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawasawa na mwanamume, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza mila kumnyima mwanamke ardhi. Niliyasema hayo baadaye, kwa ufupi, nayo yalisaidia. Lakini mjomba alikwisha kuinamisha kichwa kabla sijafungua mdomo.

Hawakumpa mdogo wangu ardhi kwa jina lake. Walimpa mama mdogo sehemu yake, ukanda ule wa upande wa bondeni, wakaandika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba ni mali yake na kwamba mwanawe atamrithi. Wapo waliosema ni kidogo. Ni kidogo kweli, na upande ule udongo ulichukuliwa na maji. Lakini umeandikwa.

Ndugu msomaji, huenda wewe unaishi Dar es Salaam, Mwanza au Tanga, na kambi kwako ni habari ya redio. Hata hivyo, penye mradi mkubwa wa wageni, machimbo au ujenzi wa barabara, kambi ipo, nayo ina siku yake ya kufungwa. Akina baba na akina mama wanaouza hapo wasiache mashamba yao yageuke pori, wala wasikope kwa mauzo ya mwaka ambao haujafika. Binti akileta mgeni nyumbani, aulizwe jina lake kamili, jina la baba yake na la kijiji chake, na yaandikwe, hata kama posa haijakamilika. Mtoto akizaliwa, aandikishwe mapema, kabla karani hajapata swali la kuuliza. Na serikali zinapotia saini za kufunga kambi, pale zinapohesabu majengo, pampu na magari, ziweke na ukurasa mmoja wa watu.

Kuhusu fundi wa baiskeli, hatujui kama yu hai. Mama mdogo hajaolewa. Jina lake analo. Ndilo aliloliandika katika ule mstari, kwa mkono wake, karani akitazama.

Siku niliyoondoka nilimkuta mdogo wangu kule bondeni. Alikuwa amenyoosha kamba, na alikuwa akipanda miramura, miti ile tunayoitumia kuonyesha mipaka. Mjomba mkubwa alikuwa ameshika ncha ya pili ya kamba.